Kuchagua Kishikwambi: Tazama Kazi Kwanza, Bei Baadaye

Wakulima wengi wa skimu walikiona kishikwambi kwa karibu mwaka 2019, katika siku zilizofuata usiku wa tarehe 24 Agosti, karani wa sensa alipobisha hodi. Sensa zilizotangulia ziliandikwa kwa karatasi. Ile ya 2019 iliandikwa kwa vishikwambi, navyo viliunganishwa humu humu nchini na Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Hata kabla ya hapo, tangu mwaka 2016, vishikwambi vya wanafunzi vilikuwa vimeanza kupelekwa katika shule za msingi za Serikali.

Leo vyombo hivyo vyauzwa Eldoret, Kitale, Nakuru, na hata katika masoko madogo. Mkulima aliyeuza mahindi au maziwa yake hutaka kujua anunue kipi. Gazeti hili halitakutajia jina la kiwanda. Litakuonyesha namna ya kuchagua, ili fedha za shamba lako zisipotee bure.

Kishikwambi, ambacho wengine hukiita tabuleti, ni kompyuta bapa ambayo kioo chake huguswa kwa kidole. Ni kikubwa kuliko simu, na ni chepesi kuliko kompyuta ya mezani. Anayekinunua kwa kutazama bei tu ni kama mtu anayenunua jembe bila kujua kama shamba lake ni la mawe au la tope. Basi kabla ya kwenda mjini, kaa na watu wa nyumbani kwako mjibu maswali haya.

1. KITAFANYA KAZI GANI?

Kwanza fahamu kazi ambazo hazihitaji kishikwambi. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, hufanya kazi katika simu ndogo ya mulika mwizi. Mwaka 2023 wakulima walioandikishwa walipelekewa habari za mbolea ya ruzuku kwa ujumbe mfupi, nao husomeka katika simu hiyo hiyo. Ikiwa hizo ndizo kazi zako zote, kaa na simu yako, na fedha zako uzitie katika mbegu.

Kishikwambi hufaa pale ambapo kuna jambo la kusoma kwa kirefu, la kutazama, au la kuandika. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) limetoa programu za simu zenye mafundisho ya mimea na mifugo mbalimbali. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) imeweka masomo ya watoto katika intaneti. Iko pia programu iitwayo PlantVillage Nuru. Ukiipigia picha majani ya muhogo au ya mahindi, hukuambia kama yana dalili za ugonjwa wa muhogo, au za viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017. Hiyo hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao. Tena kuna hesabu za shamba: lita za maziwa, siku ya ng'ombe kupandishwa, gharama ya dawa na ya vibarua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kishikwambi ni daftari zuri kwa mtu anayekiandika kila siku.

Andika kazi tatu unazozitaka zaidi. Hizo ndizo zitakazokuamulia mengine yote.

2. UKUBWA NA NGUVU

Kioo hupimwa kwa inchi kutoka pembe moja hadi pembe inayoelekeana nayo. Cha inchi 7 au 8 huingia katika mfuko wa koti na huchukulika shambani. Cha inchi 10 ni bora kwa mtoto anayesoma, kwa mzee ambaye macho yake yamechoka, na kwa kikundi kinachotazama pamoja, lakini ni kizito na hula umeme zaidi.

Katika sanduku utaona hesabu mbili zenye neno GB, maana yake gigabaiti. Usizichanganye. Ya kwanza, iitwayo RAM, ni kama meza ya karani: meza ikiwa ndogo, karatasi mbili tu huijaza na kazi hukwama. Ya pili ni ghala, mahali pa kuweka picha na masomo. Kishikwambi chenye RAM ya GB 2 kitakuchosha kwa kungoja. Tafuta GB 4 ukiweza, au GB 3 kwa uchache. Kwa ghala, GB 64 zatosha mkulima wengi. Ukipewa chenye ghala ya GB 32, kumbuka kwamba mitambo yake yenyewe imekwisha kuchukua sehemu kubwa, nawe hupati zote 32. Uliza pia kama kina tundu la kadi ya kumbukumbu, ili uweze kuongeza nafasi baadaye.

Vishikwambi vingi huendeshwa kwa programu ya Android, ambayo kila toleo lina namba. Android 13 ilitoka mwaka 2022, 14 mwaka 2023, na 15 mwaka 2024. Kilicho na toleo la zamani sana huuzwa kwa bei ndogo, lakini baada ya muda programu mpya hukataa kuingia ndani yake. Kati ya viwili vya bei moja, chukua chenye toleo jipya.

Ikiwa kazi yako mojawapo ni kupiga picha za mimea, ijaribu kamera ya nyuma. Piga picha ya jani, kisha uikuze. Kama huwezi kuona mishipa ya jani, Bwana Shamba naye hataona ugonjwa katika picha utakayompelekea.

3. MTANDAO

Viko vishikwambi vya namna mbili. Vingine hupokea laini ya simu. Vingine havina mahali pa laini, navyo hutegemea Wi-Fi peke yake. Hivi vya pili ni rahisi, lakini nyumbani kwako lazima kuwe na simu ya kisasa ya kuvigawia intaneti. Kama simu hiyo huenda sokoni na baba au mama kila asubuhi, mtoto atabaki na kioo kisicho na somo.

Hata chenye mahali pa laini, uliza kama chapiga simu. Vipo vinavyotumia laini kwa intaneti tu. Tena vipo vilivyotengenezwa kwa soko la nchi za mbali, visivyoshika vizuri masafa yanayotumiwa na mitandao yetu. Dawa ni nyepesi: nenda dukani na laini unayoitumia nyumbani, itie ndani, ufungue ukurasa wa intaneti kabla ya kulipa.

4. UMEME

Jambo hili husahauliwa na wengi katika mashamba yasiyo na nguvu za umeme. Tufanye hesabu pamoja.

Betri ya kishikwambi huandikwa kwa mAh. Tuseme imeandikwa 7,000. Hiyo ni ampia-saa 7. Zidisha kwa volti 3.8 za betri, upate karibu wati-saa 27. Umeme mwingine hupotea njiani, basi kukijaza mara moja weka wati-saa 35.

Paneli ya sola ya wati 6, ile ya taa mbili tatu, ikipata jua zuri kwa saa 5 hutoa wati-saa 30 kwa hesabu, na karibu 20 tu kwa kweli. Haiwezi kujaza kishikwambi hicho kwa siku moja, hata taa zote zikizimwa. Paneli ya wati 20 kwa saa hizo hizo hutoa karibu wati-saa 70. Hiyo yatosha kishikwambi na taa, ikiwa betri yake ya kuwekea umeme ni nzima na ya kutosha. Kwa watu wa Kinangop na sehemu nyingine za baridi, fanyeni hesabu ya mwezi wa Julai, wakati wa ukungu na mawingu, msifanye ya Januari.

Ikiwa utalazimika kulipia chaji sokoni, gharama hiyo pia ni sehemu ya bei ya kishikwambi.

5. FEDHA ZITATOKA WAPI?

Bei ya dukani si bei yote. Tuseme kishikwambi ni Sh. 15,000 na kava lake ni Sh. 1,000. Ukitumia bando za Sh. 500 kila mwezi, hizo ni Sh. 6,000 kwa mwaka. Basi mwaka wa kwanza utatumia Sh. 22,000. Kama fedha hizo haziko, punguza haja zako au ungoje mavuno.

Sasa tazama kwa makini habari ya kulipa pole pole, maana hapa ndipo watu huumia. Tuseme kishikwambi hicho cha Sh. 15,000 chatolewa kwa malipo ya kwanza ya Sh. 3,000, na baadaye Sh. 60 kila siku kwa siku 365. Shilingi 60 yaonekana ndogo. Lakini 60 mara 365 ni Sh. 21,900. Ongeza zile 3,000, jumla ni Sh. 24,900. Umelipa Sh. 9,900 zaidi ya bei. Mwaka 2023 Serikali ilipunguza bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ikawa Sh. 2,500. Kwa bei hiyo, tofauti yako ni mifuko 4 ya mbolea, kasoro Sh. 100.

Linganisha na mkopo wa chama cha akiba. Tuseme unakopa zile Sh. 12,000 zilizobaki, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililosalia, nawe unalipa Sh. 1,000 ya deni kila mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni Sh. 120, wa pili 110, hivyo hivyo hadi Sh. 10 mwezi wa mwisho. Jumla ya riba ni Sh. 780. Hesabu hizi ni za mfano tu. Chukua kalamu uifanye ile ya duka lako na chama chako.

Tena vyombo vinavyouzwa kwa kulipa pole pole mara nyingi huwa na programu ya kuvifunga malipo yakikosekana. Mkulima wa maziwa anayelipwa na chama kila mwezi aweza kuweka kando malipo ya kila siku. Mkulima wa mahindi hupata fedha zake baada ya mavuno. Mwezi wa Mei, fedha zikiwa zimezikwa ardhini pamoja na mbegu, kishikwambi hufungwa, na masomo ya mtoto hufungwa pamoja nacho. Watu wa skimu wanalijua deni. Wazee waliopewa mashamba kwa mikopo tangu mwaka 1962 wanaweza kukueleza maana ya kukopa harusi na kulipa matanga.

Kabla ya kutia sahihi, uliza mambo manne, nayo yaandikwe: bei ya fedha taslimu, jumla ya malipo yote, litakalotokea ukichelewa, na siku ambayo kifungo kitaondolewa kabisa.

6. UKIWA DUKANI

Usikubali kuuziwa sanduku lililofungwa. Kiwashwe mbele yako. Toka nacho nje juani uone kama kioo chasomeka. Kitie chaji uone kama chaingia. Fungua mahali pa mipangilio, usome ukubwa wa ghala na namba ya toleo la Android, kisha ulinganishe na maneno ya sanduku.

Kama kina laini, tafuta namba ya IMEI katika mipangilio, uone kama ni ile ile ya sanduku. Mwaka 2012 simu bandia zilifungwa katika mitandao ya nchi hii, na wenyewe walipata hasara.

Ukinunua kilichotumika, mwenyewe akifute chote, kisha kiwashwe tena. Kikiuliza nywila ya mtu mwingine, kirudishe hapo hapo, maana huenda kimeibwa au bado kina deni. Mwisho, chukua risiti yenye jina la duka na namba ya kishikwambi, pamoja na cheti cha dhamana. Uliza ni nani atakayekitengeneza kioo kikivunjika, na kwa bei gani.

7. KUNUNUA PAMOJA

Si lazima kila nyumba iwe na chake. Jamaa 10 wakitoa Sh. 1,500 kila mmoja, wamepata Sh. 15,000 bila deni. Kikundi cha maziwa chaweza kukitumia kwa hesabu na mafundisho ya mifugo, na watoto wakakitumia siku za Jumamosi. Lakini wekeni kanuni kabla ya kununua: nani atakitunza, nani atalipia bando, na kikivunjika mkononi mwa mtu itakuwaje. Kanuni hizo ziandikwe katika daftari la kikundi na kila mmoja atie sahihi.

Basi chukua karatasi jioni ya leo. Andika kazi zako tatu, mtandao unaoshika nyumbani, wati za paneli yako, na fedha ulizo nazo baada ya kutoa karo na mbegu. Nenda na karatasi hiyo dukani. Mwenye duka akikuonyesha kishikwambi kisichopatana nayo, mwombe akuonyeshe kingine.