Tiba ya akili: Gharama isiyoonekana kwenye risiti

Fikiria mama mwenye genge anayempeleka binti yake wa miaka 15 kliniki ya afya ya akili. Dawa ameimudu. Lakini siku hiyo genge halikufunguliwa, nauli ni ya watu wawili kwenda na kurudi, na binti amekosa masomo. Baada ya safari ya tatu, mama anaacha kwenda. Majirani watasema ni uzembe, kumbe nauli imeshindana na unga.

Hesabu kama hiyo ndiyo kazi ya wachumi wa afya ya akili. Nchini Marekani, Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili (NIMH) hufadhili vyuo vikuu kuwanoa watafiti waliokwishamaliza shahada ya uzamivu. Katika fani hii, mchumi hulazimika kujua ugonjwa unavyoanza na kutibiwa, na mtaalamu wa tiba hujifunza kupima matumizi ya fedha.

Swali lao ni moja: fedha ikiwekwa kwenye tiba hii, familia na taifa wanapata nini?

Ili kulijibu, hawaishii kwenye bei ya dawa. Wanahesabu muda wa mhudumu, nauli, na siku za kazi anazopoteza mgonjwa na ndugu anayemuuguza. Kisha wanalinganisha na afya iliyopatikana.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa sonona na wasiwasi uliopitiliza huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, sawa na dola trilioni 1. Utafiti ulioongozwa na shirika hilo na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kila dola 1 inayowekwa katika kutibu matatizo hayo hurudisha dola 4, kwa watu kupata nafuu na kurudi kazini.

Tiba nzuri si lazima iwe ghali. Mwaka 2006 jijini Harare, Zimbabwe, daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 waliofundishwa kusikiliza watu na kuwasaidia kutatua shida zao, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki za mitaani. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takribani asilimia 14 ya waliokaa na bibi hao, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Msaada ulikuwa jirani na nyumbani.

Mzazi afanye nini?

WHO inasema nusu ya matatizo ya akili ya watu wazima huanza kufikia umri wa miaka 18. Ukiona mtoto anajitenga, halali vizuri au anashuka ghafla shuleni kwa wiki kadhaa, usingoje. Akizungumzia kujiua, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Kliniki, usione aibu kutaja nauli. Uliza kama kuna kituo cha karibu, kama dawa zinaweza kutolewa za muda mrefu zaidi, na kama tarehe ya kurudi inaweza kupangwa siku isiyo ya biashara. Ukiona fedha zinakwisha, mwambie mhudumu kabla ya kukatisha dawa. Mtoto akikatishwa tiba njiani, ugonjwa unaweza kurudi, na safari zote zile zikawa kazi bure.