Ngoma Ya Begani Na Mkono Wa Kushoto

Jumapili katika barabara za Kawangware na Kibera, Nairobi, waumini huandamana kwa bendera na ngoma. Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, ni mmoja wa mifano inayojulikana sana. Mtazame anayepiga ngoma ndogo aliyoivaa begani kwa mkanda. Mara nyingi mkono wake wa kulia umekifunika kijiti kwa juu, ilhali wa kushoto umekipakata kwa chini. Huo ndio mshiko wa jadi, nao una sababu yake.

Ngoma inayoning'inia kwenye mkanda hailali sawa. Huinama kuelekea kulia, ili paja lipate nafasi ya kupiga hatua, na ukingo wake wa kushoto hupanda juu. Ukitaka kuupiga upande huo kwa kiganja kilichoelekea chini, itakubidi uinue kiwiko hadi usawa wa bega, na kabla hujatoka mtaani utakuwa umechoka. Wanajeshi wa Ulaya walitatua shida hiyo kwa kukigeuza kiganja. Muziki wao ulifika Nairobi pamoja na majeshi ya Waingereza. Kibera yenyewe ilianza kama makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza.

Namna ya kushika kwa mkono wa kushoto ni hii. Laza kijiti kwenye panda ya kidole gumba na cha shahada, theluthi moja hivi kutoka mwisho wake mnene. Kipitishe kati ya kidole cha kati na cha pete, kikae juu ya kidole cha pete karibu na kiungo cha ukucha. Kidole gumba kiguse tu cha shahada. Pigo halitoki begani: kigasha ndicho kinachozunguka, kama unapofungua kufuli kwa ufunguo. Kijiti kikianguka kiache kidunde chenyewe mara mbili tatu. Kisipodunda, unakifinya, na malengelenge hayatachelewa.

Vijana wengi hufinya kwa sababu wanafundishwa umbo la mkono bila kuambiwa lilitoka wapi. Hilo linaniuma, maana mkono wa mtoto ukizoea kukaza, kuulegeza ni kazi ya miezi.

Tena, mshiko huu si wa lazima kila mahali. Ngoma ikiwa juu ya stendi kanisani, imelala sawa, mikono yote miwili inaweza kushika kwa juu, jinsi Ringo Starr wa Beatles alivyoshika mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni ya Marekani mwaka 1964. Wapigaji wa jazi kama Buddy Rich walibaki na ule wa jadi hata walipokaa kitini, kwa kuwa waliupenda mguso wake mwepesi. Uamuzi huo ni halali kwa mtu aliyekwisha kuujua mkono wake.

Walimu wa bendi za Kibera na Kawangware, nawasihi: kabla ya kurekebisha vidole vya mwanafunzi, rekebisheni urefu wa mkanda wake.