Ufunguo Unaoibwa kwa Macho

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huingia mtungini na kutoka, hivyo hakuna kilichomo isichokijua. Simu iliyounganishwa na intaneti ndiyo kata ya zama zetu, nasi hapa Mikindani, kama wenzetu wa Kisauni na Likoni, tunaitumbukiza hata katika mitungi iliyostahili kufunikwa.

Nazungumzia sarafu za kidijitali kama Bitcoin, iliyoanza kutumika mwaka 2009. Mali hiyo hulindwa na kitu kiitwacho "ufunguo wa siri". Kwa jicho la mwanaisimu, naona jina hili limetuponza. Ufunguo wa chuma ukiibwa, mwenyewe hutambua kwa kuukosa. Ukipotea, fundi huitwa akavunja kufuli. Huu wa siri si chuma bali ni namba ndefu mno, na aghalabu mwenyewe hupewa maneno 12 au 24, yaliyoteuliwa katika orodha ya maneno 2,048, ambayo kwayo ufunguo huweza kuundwa upya. Anayeyasoma amekwisha kuiba, ingawa karatasi ingali mkononi mwako.

Hapa ndipo mazoea ya M-Pesa, tuliyo nayo tangu mwaka 2007, yanapotupotosha. Ukisahau namba yako ya siri, kampuni hukuhakiki, ukaweka nyingine. Lakini sarafu hizi zikiwa katika pochi unayoishika mwenyewe, hapana ofisi ya kukimbilia. Benki Kuu ya Kenya ilitahadharisha umma mwezi wa Desemba 2015, na sheria iliyotiwa saini Oktoba 2025 inasimamia kampuni zinazotoa huduma hizo. Hata hivyo, hapana sheria iwezayo kulifanya neno lililokwisha kusomwa lisiwe limesomwa.

Tufanyeje basi? Maneno hayo yaandikwe kwa mkono wala yasipigwe picha, kwani simu nyingi huzipeleka picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Yasitumwe kwa WhatsApp wala kwa barua pepe, na yasichapwe katika tovuti yoyote inayodai kukusaidia. Kwa kuwa pwani yetu ina unyevu na mchwa, nakala ya pili yafaa ichongwe kwenye bati na kuwekwa mahali pengine. Lakini ichonge mwenyewe, maana fundi naye ana macho. Mwenye akiba kubwa atumie kifaa maalumu kinachoidhinisha malipo bila ufunguo kutoka ndani yake.

Walimu wenzangu, siku zote tumewafunza wanafunzi kwamba elimu ni kugawana. Tuwafunze pia kwamba yako maneno 12 ambayo hayagawanwi, hata na rafiki wa dawati moja.