Ng'ombe anayezaa madume tu hana kosa

MFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa hufurahi anapozaliwa ndama jike. Akizaliwa dume, huvumilia. Ikifika mara ya tatu, wapo wanaomswaga ng'ombe huyo hadi mnadani kwa madai kwamba ana mkosi.

Kabla hujamuuza, fahamu kuwa jinsi ya ndama haiamuliwi na ng'ombe jike. Huamuliwa na mbegu ya dume. Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa mdudu ambaye wenye maghala wanamfahamu, mdudu wa unga.

Mwaka 1905, mtaalamu wa seli wa Marekani, Nettie Stevens, alichunguza kwa darubini viini vya seli za mdudu huyo. Kiini ndiyo sehemu ya seli inayohifadhi kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi. Seli za jike zilikuwa na kromosomu 20 kubwa. Za dume zilikuwa na 19 kubwa na moja ndogo.

Mayai yote yalibeba kromosomu 10 kubwa. Mbegu za dume ziligawanyika: nusu zilikuwa na 10 kubwa, nusu zilikuwa na tisa kubwa na ile moja ndogo. Mama Stevens alihitimisha kuwa mbegu yenye kromosomu ndogo ndiyo inayoleta dume. Siku hizi kromosomu hiyo huitwa Y, na mwenzake kubwa huitwa X.

Kwa ng'ombe ni hivyo hivyo. Yai daima hubeba X, mbegu hubeba X au Y. Kwa kuku mambo hugeuka, kwani huko jike ndiye anayeamua jinsi ya kifaranga.

Mbegu zinavyochambuliwa

Kwa kuwa X ni kubwa kuliko Y, kiini cha mbegu ya fahali yenye X kina vinasaba vingi zaidi kwa karibu asilimia 4. Tofauti hiyo ndogo imezaa biashara.

Mwaka 1989, Lawrence Johnson na wenzake wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walitangaza kupata sungura hai kutokana na mbegu zilizochambuliwa. Mbegu hutiwa rangi inayoshika vinasaba, kisha hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza. Yenye X hung'aa zaidi. Matone yenye mbegu hizo hupewa chaji ya umeme na kuvutwa upande wake.

Mbegu zilizochambuliwa hivyo hutoa ndama jike wapatao tisa katika kila ndama 10.

Piga hesabu kwanza

Hata hivyo, mbegu hizo ni ghali, na mrija mmoja mara nyingi huwa na mbegu zipatazo milioni 2 tu, wakati wa kawaida huwa na milioni 10 au zaidi. Aidha, uchambuzi huzichosha. Matokeo yake, ng'ombe wachache zaidi hushika mimba.

Tuseme umehimilisha ng'ombe 10. Kwa mbegu za kawaida wakishika sita, utarajie majike watatu. Kwa zilizochambuliwa wakishika wanne tu, majike watakuwa watatu au wanne. Faida hiyo inaweza kumezwa na bei ya mirija, na kila ng'ombe asiyeshika atakusubirisha siku 21 hivi hadi joto lijalo.

Kwa hiyo, zitumie kwa mitamba wenye afya na uzito wa kutosha, si kwa ng'ombe anayerudia joto kila mara. Ukiona joto asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Ukiliona jioni, aje kesho yake asubuhi. Hakikisha mtungi wake una naitrojeni ya kimiminika, ambayo hutunza mbegu kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu iliyoyeyuka njiani haina jike wala dume.

Na yule ng'ombe wa madume matatu, kama maziwa yake ni mazuri, mrudishe zizini.