Ekzosi ya pikipiki: spea inayogusa masikio, mapafu na miguu ya watoto

Kuna jeraha ambalo muuguzi hulitambua kabla hajauliza lolote. Liko upande wa ndani wa mguu wa kulia, kwenye shavu la mguu, lina umbo la yai, na ngozi yake imebanduka au imejaa maji. Mzazi akiulizwa, jibu huwa fupi: alikuwa anashuka bodaboda. Watu wazima wengi jijini Dar es Salaam wanalo kovu hilo na wamelizoea kiasi kwamba hawalihesabu kama ajali.

Safu hii kwa kawaida huzungumzia dawa, chakula na chanjo. Wiki hii inazungumzia spea, na sababu ni jirani yangu, dereva wa bodaboda, aliyeniomba nimsindikize Kariakoo kununua ekzosi. Pikipiki yake ni Boxer iliyomzidi umri mtoto wake wa pili. Bomba lake la kutolea moshi lilikuwa limeoza chini, limechomelewa mara mbili, na asubuhi akiiwasha mtaa mzima unajua kuwa ameamka. Yeye alitaka bei nafuu, mimi nilimfikiria mkewe, ambaye ni mjamzito, na mtoto anayelala chumba kinachopakana na korido inamolala pikipiki.

Tuliteremka Msimbazi tukaingia upande wa Gerezani. Duka la kwanza, kijana alitutolea bomba fupi linalong'aa. “Bosi, chukua hii, inaunguruma mpaka daladala zinakupisha.” Nilimwomba alielekeze kwenye mwanga. Ukichungulia upande mmoja unaona upande wa pili, kama bomba la maji.

Hapo ndipo pa kuanzia. Ekzosi nzima ya kiwandani haipitishi mwanga. Ndani yake kuna vyumba na vijibomba vyenye matundu, na moshi hulazimika kupinda na kurudi nyuma kabla ya kutoka. Katika kuzunguka huko mawimbi ya sauti hugongana na kuuana, ndiyo maana injini inayolipuka maelfu ya mara kwa dakika inasikika kama mngurumo wa kawaida. Fundi akikata bomba na kutoa utumbo wake, au ukinunua lile lililotengenezwa bila utumbo, sauti yote inatoka ilivyo.

Wenye kupenda sauti hiyo wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba pikipiki inakuwa nyepesi na yenye nguvu. Kwa pikipiki ndogo yenye kabureta ambayo haikurekebishwa upya kwa ajili ya bomba hilo, mara nyingi matokeo ni injini inayokohoa na kupiga risasi ukiachia mafuta. Hoja ya pili ni usalama, kwamba watu watasikia na kupisha. Lakini bomba limeelekezwa nyuma. Anayesikia zaidi ni aliyekwisha kupitwa, pamoja na abiria na dereva mwenyewe.

Na dereva ndiye anayeumia zaidi. Katika sikio la ndani kuna chembe zenye vinyweleo vidogo mno zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa kwa ubongo. Kelele kubwa huzichosha, ikirudiwa huziua, na zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Wataalamu wa afya kazini hutumia kipimo cha desibeli 85 kwa saa 8 kama mpaka, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama unakatwa nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94. Kwenye desibeli 100 zimebaki dakika 15. Pikipiki iliyotolewa utumbo inaweza kufika huko kwa aliye karibu, na dereva wa bodaboda huanza kazi alfajiri na kumaliza usiku. Kofia ngumu haimkingi sana, maana mngurumo mzito hupenya.

Huna haja ya mashine kupima. Kama inabidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono wako akusikie, kelele hiyo tayari inakaribia au imepita mpaka. Dalili za mwanzo ni mlio mwembamba masikioni ukifika kitandani, kisha kushindwa kufuata maneno mahali penye watu wengi, na kuongeza sauti ya televisheni hadi wenzako wanalalamika. Jirani yangu aliposikia habari ya mlio alinyamaza kidogo. “Mzee, huo ninao tangu mwaka juzi. Nilidhani ni malaria.”

Kisheria pia jambo hili si la hiari. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo. Lakini nani atasubiri ofisa afike uchochoroni kwake na kipimo?

Duka la pili walikuwa na ekzosi za aina mbili za Boxer: moja mpya isiyo na jina, nyingine ya mtumba lakini ya kiwandani. Tulikaa hapo zaidi ya saa nzima, na mwenye duka, mzee mvumilivu, hakutufukuza. Nyanyua zote mbili kwa mikono. Bomba lililokamilika ndani lina uzito wake, na lile jepesi kama debe tupu ni debe tupu. Litikise. Likigonga ndani, kuna kipande kimekatika. Mulika kwa tochi ya simu kutoka mkiani. Pitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea kuona kama una matundu. Kama ni la mtumba, ligonge taratibu chini kwa sarafu, maana huko ndiko maji hukaa na kutu huanzia: petroli ikiungua huzaa mvuke wa maji, na injini ikipoa mvuke huo hubaki bombani. Usishangae ukikuta kitundu kimoja kidogo nadhifu upande wa chini. Katika ekzosi nyingi kiliwekwa kiwandani ili maji yatoke. Mafundi wengine hukiziba kwa nia njema, na bomba huoza haraka zaidi.

Kisha angalia kava, lile bati la nje linalozuia mguu usiguse bomba. Hili kwangu lina uzito kuliko sauti, kwa sababu ya watoto. Ekzosi nyingi za bei ya chini huuzwa bila kava, au kava limeshindiliwa kwenye bomba bila nafasi katikati, kwa hiyo linapata moto uleule. Linatakiwa liwe limeinuliwa kidogo na kushikwa kwa boliti zenye washa zisizopitisha joto, ili hewa ipite. Karibu na injini, kwenye shingo, joto la chuma linaweza kupita nyuzi 200, na huko ndiko hufika miguu ya mtoto anayepakatwa mbele ya dereva kwenye tangi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, hivyo mguso wa sekunde moja ambao kwa baba ungeacha alama, kwa mwanawe huingia ndani.

Kuna kundi jingine lisilotajwa: wagonjwa wa kisukari ambao miguu imeanza kufa ganzi. Hawa wanaweza kuungua bila kusikia, wakagundua jioni wakivua viatu, na kidonda kama hicho hukawia kupona. Kama una kisukari, angalia miguu yako kila unaposhuka bodaboda. Wanawake wanaokaa upande, miguu ielekee kushoto, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi za mjini ekzosi iko kulia. Kitambaa cha nailoni au poliesta kikigusa bomba huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Kila mtu apandie na ashukie kushoto, hata kama dereva ameegesha vibaya na anaharakisha.

Akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, tazama saa. Ndoo na kopo vinatosha kama bomba halitoki maji. Usipake dawa ya meno, asali ya dukani, yai, mafuta ya breki wala unga. Usiweke barafu. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, na umpeleke kituo cha afya kama ni mtoto mdogo, kama jeraha limezidi kiganja cha mgonjwa, liko kwenye kiungo, limekuwa jeupe au jeusi, au kama mgonjwa ana kisukari. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Jirani yangu alichagua ile ya mtumba, yenye kava lake kamili. Mzee wa duka akamwandikia risiti na kumwongezea gasketi mpya ya shingo bila kuombwa. Nilifurahi, kwa kuwa mafundi wengi hurudisha ileile ya zamani iliyokwisha bapa, na hapo ndipo hatari ya tatu inapopita, ile isiyosikika wala kuonekana.

Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka ikiwa haina cha kuwapa ubongo na moyo. Ni gesi ileile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Katika nyumba zetu za Ilala, Buguruni na Kariakoo ya zamani, zenye vyumba huku na huku na korido katikati, pikipiki hulala koridoni kwa kuogopa wezi, na alfajiri huwashwa humohumo ipate joto wakati wengine wamelala. Injini kuukuu yenye kabureta isiyorekebishwa hutoa gesi hiyo kwa wingi, na shingo inayovuja huimwaga pale pale. Ekzosi hata ikiwa mpya haiizuii. Isukume pikipiki hadi nje, uwashe huko.

Kama watu kadhaa wa nyumba moja huamka na kichwa kizito, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, usikimbilie dawa ya malaria. Watoe kwenye hewa safi na umweleze mhudumu wa afya kwamba kuna pikipiki au mkaa ndani. Mjamzito apelekwe hospitali hata akijisikia vizuri, kwa kuwa mtoto tumboni huathirika zaidi na gesi hukawia kumtoka.

Fundi wa Gerezani alifunga bomba kwa muda usiozidi chai ya kikombe kimoja. Masikio ya boliti yalikaa sawa bila kulazimishwa. Yakilazimishwa, mtikisiko hupasua shingo baada ya miezi michache. Kisha nikamwomba afanye kipimo ambacho mafundi wazoefu wanakijua: injini ikiwa bado ya baridi, awashe na azibe tundu la mkiani kidogo kwa tambara nene. Kama hakuna uvujaji, injini huelemewa na kutaka kuzima. Kama kuna sauti ya kufoka shingoni, gasketi haijakaa. Mara ya kwanza ilifoka. Alifungua, akasafisha masizi ya zamani, akakaza nati zote mbili kwa zamu, na mara ya pili ikanyamaza.

Kwa siku ya kwanza bomba lilitoa moshi kidogo, mafuta na rangi vikiungua. Hilo ni la kawaida, ila lifanyike barabarani, si uani. Kuhusu mlio wa masikioni, amekubali kwenda kupimwa usikivu. Kituo cha afya kitampa rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo, na kipimo chenyewe hakiumi, unavaa spika za masikioni na kuonyesha kila unaposikia sauti. Asivae simu masikioni saa kadhaa kabla ya kwenda, na siku hiyo asianzie kijiweni.