Nani Anakula Chaji ya Simu Yako? Ruhusa ya Kupima Betri, Namna ya Kuitoa na Namna ya Kuifunga

Kila jioni kwenye meza ya habari tunaulizwa swali hili: "Simu nimeichaji asubuhi, mbona adhuhuri imezimika?" Siku hizi linafuatwa na swali la pili: "Kuna programu inataka niipe ruhusa ya kuangalia matumizi ya betri kwa undani. Niipe au nisiipe?" Karatasi ya leo inajibu maswali yote mawili, maana ukipata jibu la swali la kwanza, mara nyingi utaona kwamba la pili huna haja nalo.

KWA NINI TUNALISEMA JAMBO HILI

Kwetu sisi tuliokimbia vita, simu si pambo. Ndiyo inayotuletea habari za ndugu walio Pemba, Montepuez, Nampula na ng'ambo ya Ruvuma huko Mtwara. Ndiyo inayopokea pesa za M-Pesa na e-Mola. Na chaji yake tunainunua. Tufanye hesabu: ukilipa metikali 10 kila siku, kwa siku 30 umelipa metikali 300. Ukiweza kuchaji kila baada ya siku mbili, metikali 150 zinabaki mkononi mwako.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa uchungu. Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, mawasiliano ya simu yalikatika. Nilifika Quitunda nikiwa na simu yenye chaji nusu. Sikupiga simu hata moja, maana mtandao haukuwepo. Niliiweka mfukoni nikisema nitaitunza kwa ajili ya mama, aliyekuwa Pemba. Usiku uleule ikazimika. Mama alikaa siku kadhaa bila kujua kama mwanawe yu hai, mpaka mtu mwingine alipomfikishia habari. Nilidhani betri yangu ni mbovu. Kumbe betri ilikuwa nzima. Kilichoila ni kitu ambacho sikukijua, nacho utakiona hapa chini.

KWANZA: ANGALIA MWENYEWE, BILA KUTOA RUHUSA YOYOTE

Simu ya Android ina daftari lake la betri tangu inapotoka dukani. Huna haja ya kuingiza programu nyingine. Kwa kuwa simu za wengi wetu zinaandika Kireno, tunataja maneno ya Kireno utakayoyaona.

Fungua Definições (simu nyingine zimeandika Configurações). Bonyeza Bateria. Kisha bonyeza Utilização da bateria, au Uso da bateria. Utaona orodha ya vitu na asilimia ya chaji ambayo kila kimoja kimekula, ama tangu simu ilipojaa mara ya mwisho, ama kwa saa 24 zilizopita. Isome hivi:

1. Ikiwa kioo (Ecrã au Tela) kimekula kuliko vyote, punguza mwanga, na fupisha muda wa kioo kukaa kimewaka.

2. Ikiwa ni programu moja, tuseme Facebook au mchezo wa watoto, ibonyeze jina lake uone imefanya kazi muda gani. Ikiwa inafanya kazi hata wakati hukuifungua, hapohapo unaweza kuizuia isifanye kazi chinichini. Kama huitumii, ifute.

3. Ikiwa ni mtandao wa simu (Rede móvel), hapo ndipo penye ugonjwa wa pwani yetu. Simu na mnara ni kama watu wawili wanaozungumza. Wakiwa karibu, hunong'ona. Wakiwa mbali, hupiga kelele. Simu ya mtandao wa kizazi cha pili inaweza kutoa nguvu hadi wati 2 mnara ukiwa mbali, lakini mnara ukiwa karibu hutumia sehemu ndogo sana ya nguvu hiyo. Na mnara ukizimika kabisa, simu huutafuta tena na tena bila kuchoka. Hicho ndicho kilichoila chaji yangu mwaka 2021.

Dawa yake haina gharama. Mahali pasipo na mtandao, weka Modo de avião. Kubalianeni na nduguzo saa za kupigiana, kwa mfano saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kisha ufungue simu saa hizo. Ujumbe mfupi uliotumwa simu ikiwa imefungwa husubiri kwenye mtandao, ukaingia unapofungua. Lakini mtu akikupigia wakati huo hatakupata, kwa hiyo waambie mapema wasije wakapata hofu. Fanya hivyo pia wakati wa kimbunga. Kenneth alipopiga pwani yetu tarehe 25 Aprili 2019, umeme na mawasiliano vilikatika mahali pengi.

4. Ikiwa chaji inaruka, tuseme kutoka asilimia 40 mpaka simu kuzimika papo hapo, basi betri yenyewe imechoka. Hakuna programu inayoweza kuiponya. Na betri ikivimba, acha kuitumia wala usiichaji tena, maana inaweza kuwaka moto.

PILI: RUHUSA YENYEWE NI KITU GANI?

Wakati mwingine daftari la simu halitoshi. Unaona tu kwamba "mfumo" umekula asilimia 30, lakini hujui ni nani aliyeuamsha. Ziko programu za kupima betri, kama GSam Battery Monitor, ambazo huonyesha zaidi: ni programu ipi inaizuia simu kulala, inaiamsha mara ngapi, imetumia mtandao kwa muda gani, imetafuta mahali ulipo mara ngapi. Ili kuyaona hayo yote, programu hiyo inahitaji ruhusa iitwayo BATTERY_STATS.

Zamani programu ya kawaida iliweza kupewa ruhusa hii ilipoingizwa tu. Mwaka 2013, toleo 4.4 la Android lilifunga mlango huo. Tangu hapo ruhusa hii ni ya programu za mfumo wa simu. Programu nyingine haiwezi kuipata kwa kubonyeza kitufe kwenye kioo. Mwenye simu mwenyewe ndiye anayeitoa, kwa waya na kompyuta.

Shika jambo hili, maana ndilo litakalokulinda. Programu ikikuambia "bonyeza hapa unipe ruhusa ya betri", basi inaomba kitu kingine. Soma vizuri inaomba nini:

Acesso à utilização (au Acesso ao uso) ni ruhusa ya kujua ni programu zipi unazifungua, saa ngapi na kwa muda gani. Haisomi ujumbe wako, lakini inajua mwenendo wako. Programu ya kupima betri inaweza kuwa na sababu ya kuiomba. Mpe unayemwamini tu.

Acessibilidade ni ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya watu wasioona na wenye ulemavu mwingine. Anayeipata anaweza kusoma yaliyo kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Wezi wanaitumia kusoma namba za siri za pesa. Kupima betri hakuihitaji. Kataa.

Ujumbe mfupi, majina ya watu wako, kamera na maikrofoni havihusiani kabisa na betri. Ikiombwa ruhusa ya vitu hivyo, kataa, kisha uifute programu hiyo.

TATU: UKIAMUA KUITOA, FANYA HIVI

Tumia kompyuta ya mtu unayemwamini, na ukae nayo simu yako mpaka kazi iishe. Usiiache ukaenda msikitini, kanisani au sokoni.

1. Kwenye kompyuta ingizeni zana za bure za Google ziitwazo Platform-Tools. Ndani yake mna programu ndogo iitwayo adb.

2. Kwenye simu fungua Definições, kisha Acerca do telemóvel (au Sobre o telefone). Tafuta Número de compilação au Número da versão, uibonyeze mara 7. Simu itakuambia umekuwa programador au desenvolvedor. Usiogope, hakuna kilichoharibika.

3. Ingia kwenye Opções de programador (au Opções do desenvolvedor), uwashe Depuração USB. Baadhi ya simu za Xiaomi zina kitufe cha pili cha jina hilohilo kinachotaja usalama. Kwenye simu hizo kiwashe nacho.

4. Unganisha simu na kompyuta kwa waya. Simu itauliza kama unairuhusu kompyuta hiyo. Kubali, lakini USIWEKE alama kwenye kisanduku cha kuiruhusu kila mara (Permitir sempre).

5. Kwenye kompyuta andikeni amri hii bila kukosea hata herufi moja. Huu ni mfano wa GSam. Programu nyingine ina jina lake la ndani:

adb shell pm grant com.gsamlabs.bbm android.permission.BATTERY_STATS

Ikiwa hapakutokea maneno ya kosa, ruhusa imeingia. Itabaki hata ukizima simu na kuiwasha tena. Ukiifuta programu, ruhusa nayo huondoka.

NNE: FUNGA MLANGO KABLA HUJAONDOKA

Wengi husahau sehemu hii, na mimi nilikuwa mmoja wao. Fundi mmoja alinitolea ruhusa hiyo kwenye kompyuta yake. Hakuzima Depuração USB, na alikubali kompyuta yake iruhusiwe kila mara. Mimi sikujua. Nikawa nakwenda kuchaji palepale, kwenye kompyuta ileile, mara mbili kwa juma. Kila nilipochomeka waya, simu yangu ilikuwa wazi mbele ya kompyuta hiyo.

Kompyuta iliyoruhusiwa hivyo inaweza kunakili picha zako, kuingiza programu usiyoijua, na kuitolea programu hiyo ruhusa ambazo hukuzikubali. Ndani ya simu yangu mlikuwa na picha ya kitambulisho cha mama na majina ya ndugu wote tuliotawanyika. Sijaona kitu kilichoibwa. Lakini siwezi kuapa kwamba hakikuibwa, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo, kabla ya kuchomoa waya, fanya haya:

Rudi kwenye Opções de programador. Bonyeza Revogar autorizações de depuração USB, ili simu izisahau kompyuta zote zilizowahi kuruhusiwa. Kisha zima Depuração USB. Mwisho zima kitufe cha juu cha ukurasa huo, ukurasa wote ulale. Programu yako ya betri itaendelea kupima kama kawaida, maana ruhusa yake imekwisha ingia.

Ukitaka kuiondoa ruhusa siku nyingine bila kuifuta programu, amri ni ileile, ila neno grant unaliandika revoke.

MASWALI TULIYOULIZWA

"Je, programu hii itaongeza chaji yangu?" Hapana. Ni kama mizani ya muuza samaki: inapima, haiongezi samaki. Kazi ya kuzuia kinachokula ni yako. Na programu yenyewe nayo inakula chaji kidogo. Ipime siku mbili tatu, ukimjua mwizi, ifute.

"Je, atakayepata ruhusa hii atasoma WhatsApp yangu?" Hapana. Ruhusa hii haifungui ujumbe wala picha. Inaonyesha ni programu zipi zilizo ndani ya simu na zinafanya kazi kiasi gani. Hayo nayo ni siri yako. Usimpe kila mtu.

"Sina kompyuta. Nifanyeje?" Hujakosa kitu kikubwa. Ile sehemu ya kwanza ya karatasi hii inawatosha watu wengi.

"Nikichaji kibandani, nitajuaje kama ni salama?" Chaji kwenye umeme wa ukutani au sola, kwa kichwa cha chaja chako mwenyewe. Ukichomeka kwenye kompyuta na simu ikakuuliza lolote, kataa. Chaji itaingia vilevile.

Ndugu msomaji, tulipokimbia tulifunga milango ya nyumba zetu ingawa hatukujua kama tutarudi. Simu ni nyumba uliyobeba mkononi. Ukimfungulia mtu mlango, jua ni mlango upi, amekuja kufanya nini, na akitoka ufunge.

Mwenye swali aje na simu yake kwenye meza ya habari. Tutaifungua Bateria pamoja, na simu haitatoka mkononi mwako. Wazee na akina mama wasiosoma Kireno waje pia, tutawasomea. Na wewe uliyesoma karatasi hii, msomee jirani yako.