Hesabu ya Ada Ilipozidi Fedha za Benki



Katika mkutano wa mwaka wa tawi letu, tawi la shamba moja la chai pamoja na kiwanda chake, karani alisoma hesabu ya ada kama ilivyotolewa na kompyuta. Karani huyo ni mimi ninayeandika makala hii. Hesabu ilionyesha kwamba wanachama wamelipa fedha nyingi kuliko zilizomo katika stakabadhi za benki, tena kwa tofauti kubwa. Watu walinyamaza kidogo, kisha mzee mmoja wa chumba cha kukaushia majani akasimama akauliza: "Ndugu Mwenyekiti, hizo zilizozidi ziko wapi?" Macho yote yakamgeukia mtunza hazina wetu, mama aliyechuma chai miaka kumi na tisa kabla ya kuchaguliwa. Siku ile ile aliombwa akabidhi funguo za sanduku mpaka uchunguzi utakapokwisha.

Mama yule hakuwa amechukua hata senti moja. Kosa lilikuwa katika namna nilivyoiuliza kompyuta swali langu. Lakini zilipita wiki tatu kabla ya kulijua kosa hilo, na katika wiki hizo walikuwapo watu waliokataa hata kumwitikia salamu. Matawi mengi ya kwetu na ya nchi jirani yanaendelea kuhamisha madaftari yao kutoka kwenye karatasi na kuyaingiza katika kompyuta. Kwa hiyo naona ni wajibu wangu kueleza jambo lilivyokwenda, ili karani mwingine asimtie mwenzake katika aibu kama ile.

Tuanze na daftari lenyewe. Hapo mwanzo tulikuwa na karatasi moja kubwa, nasi tukaiingiza katika kompyuta vile vile ilivyokuwa. Kila mwanachama alikuwa na mstari wake: jina, sehemu anayofanya kazi, halafu ada ya Januari, ada ya Februari, mpaka Desemba, kisha mtegemezi wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa ajili ya mfuko wa mazishi. Mpango huu ulionekana safi kabisa mpaka alipokuja mwanachama mwenye watoto wanne. Huyo wa nne tulimwandika pamoja na wa tatu katika chumba kimoja, na tangu hapo kompyuta haikuweza tena kuhesabu wategemezi. Ulipoanza mwaka mpya tulifungua karatasi nyingine, majina yakaandikwa upya, na mtu mmoja akawa Mohamed katika karatasi ya kwanza na Muhammad katika ya pili. Mtu akihamishwa kutoka shambani kwenda kiwandani, tulibadilisha karatasi moja na kusahau nyingine.

Ugonjwa huu ni wa zamani, na dawa yake inajulikana. Edgar Codd, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California. Mwaka 1970 alitoa makala iliyoeleza kwamba habari zipangwe katika majedwali, na mwenye kuziuliza asilazimike kujua zimewekwa wapi ndani ya mashine. Mwaka 1974 wafanyakazi wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo huitwa SQL. Codd alipewa tuzo ya Turing mwaka 1981, akafariki mwaka 2003. Mpango wake huitwa hifadhidata ya uhusiano. Wengi hudhani jina hilo limetokana na majedwali kuhusiana, lakini Codd alilitoa katika hisabati, ambako jedwali moja peke yake tayari ni uhusiano.

Kwa karani wa tawi, maana yake ni hii: kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Jedwali la Wanachama liwe na watu peke yao, mstari mmoja kwa mtu mmoja. Jedwali la Malipo liwe na mstari mmoja kwa kila ada iliyolipwa, hata kama mtu amelipa mara mia. Jedwali la Wategemezi liwe na mstari mmoja kwa kila mtegemezi, awe wa kwanza au wa tisa. Jina la mwanachama halirudiwi katika Malipo wala katika Wategemezi. Huko huandikwa namba yake tu, na namba hiyo ndiyo ufunguo unaoyaunganisha majedwali.

Namba hiyo itoke wapi? Sisi tulitumia namba ya mwajiri, na hilo lilikuwa kosa. Kibarua wa msimu hupewa namba mpya kila anaporudi kazini, na namba ya aliyeacha kazi hupewa mtu mwingine. Mama mmoja aliyerudi kwa misimu mitatu alionekana kwetu kuwa watu watatu, kila mmoja na malimbikizo yake ya deni! Chama kitoe namba yake chenyewe, isiyobadilika na isiyopewa mtu mwingine hata mwenyewe akifariki. Namba ya mwajiri iwekwe kando kama habari nyingine yoyote, na iandikwe kama maneno, kwa sababu ukiiambia kompyuta kwamba 0417 ni tarakimu, itakuandikia 417 na sifuri itapotea.

Sasa turudi kwenye mkutano. Wakati ule tulikuwa tumekwisha kugawa karatasi kubwa katika majedwali matatu, nami nilijiona fundi. Kamati ilitaka orodha moja inayoonyesha mwanachama, wategemezi wake na jumla ya ada yake. Nikaiambia kompyuta iunganishe majedwali yote matatu, kisha ijumlishe ada. Ikajumlisha bila kulalamika.

Nilipoambiwa kwamba hesabu haikubaliani na benki, niliangalia usiku kucha nisione kitu. Nikamwandikia karani wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha sukari katika nchi jirani, ambaye tulikutana naye katika semina. Barua yangu ilikuwa na maneno machache: hesabu imeharibika, nisaidie upesi. Alijibu kwa upole, lakini hakunisaidia. Aliniuliza maswali. Majedwali yako yana safu gani? Swali uliloiuliza kompyuta umeliandikaje, neno kwa neno? Ulitazamia jibu gani, nawe umepata lipi? Akaongeza kwamba nisimpelekee daftari zima, ila nichague wanachama watatu tu ambao hesabu yao naweza kuifanya kwa vidole.

Nilikasirika kidogo, kwa maana niliona ananipotezea wakati. Hata hivyo nilifanya alivyosema. Niliweka watu watatu wa kubuni, kila mmoja amelipa ada mara tatu, shilingi 500 kila mara. Wa kwanza nilimpa wategemezi wanne, wa pili mtegemezi mmoja, na wa tatu, kijana asiyeoa, sikumpa mtegemezi. Kwa vidole jumla ni shilingi 4,500. Kompyuta ilisema 7,500.

Basi kabla sijaipeleka barua ya pili nilikuwa nimeona nusu ya kosa. Kompyuta ikiunganisha majedwali hushika kila mstari wa upande mmoja na kuuweka pamoja na kila mstari wa upande wa pili wenye namba ile ile. Malipo matatu ya mtu wa kwanza yalikutana na wategemezi wanne, ikawa mistari kumi na miwili, na shilingi 1,500 zake zikawa 6,000. Mtu wa pili alibaki na 1,500 zake sawasawa. Kijana wa tatu hakuonekana kabisa, kwa kuwa upande wa wategemezi hakuwa na mstari wa kukutana naye. Kwa ufupi, kompyuta yetu ilikuwa imetangaza mkutanoni kwamba mwenye watoto wengi amelipa zaidi, na kapera hakulipa chochote. Vijana wawili walilalamika siku ile kwamba majina yao hayakusomwa, nasi hatukuwasikiliza. Lau tungaliwasikiliza, tungalipata njia mapema.

Wakati huo nilikuwa nimemwuliza pia rafiki mwingine, mjuzi wa kompyuta mjini. Yeye alishauri mara moja: iambie kompyuta iache vinavyojirudia, ijumlishe kila kiasi mara moja tu. Nilijaribu ushauri huo kwa watu wangu watatu, nao mtu wa kwanza akawa amelipa shilingi 500 tu. Ada zote tatu zilikuwa za kiasi kimoja, kwa hiyo kompyuta iliziona kuwa kitu kimoja kinachojirudia. Rafiki huyo alikuwa na nia njema. Lakini kama nisingekuwa na mfano mdogo wa kupimia, ningeupeleka ushauri wake kwa kamati, na mtunza hazina angeonekana safari hii amekusanya pungufu.

Jibu sahihi lilitoka kwa yule wa kiwanda cha sukari, katika mistari mitano hivi. Kwanza jumlisha malipo peke yake, mpaka kila mwanachama awe na mstari mmoja wenye jumla yake. Hesabu wategemezi peke yao vivyo hivyo. Ndipo uyaunganishe majibu hayo mawili na jedwali la Wanachama, kwa ile amri ya kuunganisha inayombakiza kila mwanachama hata kama upande wa pili hana kitu. Niliipima kwa watu watatu, ikatoka 4,500, na kijana wetu akaonekana na wategemezi sifuri. Nikaipima kwa daftari zima, ikakubaliana na stakabadhi za benki zote isipokuwa mbili.

Hizo mbili zilinifunza jambo jingine. Zilikuwa malipo ambayo namba ya mwanachama haikusomeka katika karatasi ya makato ya mwajiri, nami nilikuwa nimeiacha tupu. Nilipouliza, "Nipe wanachama ambao namba zao hazimo katika Malipo," kompyuta ilijibu kwamba hakuna hata mmoja, ingawa nilijua wadaiwa wapo. Katika SQL utupu si sifuri. Maana yake ni "haijulikani." Ukiuliza kama namba 57 haimo katika orodha yenye namba isiyojulikana, kompyuta haiwezi kuapa kwamba haimo, maana huenda ile isiyojulikana ndiyo 57. Basi inawaacha wote. Dawa ni kuuliza kwa namna nyingine: nipe kila mwanachama ambaye hakuna mstari wa malipo unaolingana na namba yake. Dawa bora zaidi ni kuikataza safu hiyo isikubali utupu tangu siku ya kwanza, na malipo yasiyosomeka yaandikwe katika jedwali lao mpaka mwenyewe apatikane.

Vile vile iagize kompyuta ikatae malipo yoyote yenye namba isiyokuwamo katika Wanachama. Programu za PostgreSQL, MySQL na SQLite, ambazo zote hupatikana bila malipo, zinaweza kulinda hivyo. Lakini mwenye SQLite ajihadhari. Programu hiyo ilianza mwaka 2000 na imo ndani ya simu nyingi tunazobeba mifukoni. Kwa kawaida ulinzi huo huwa umezimwa, nao hauna budi kuwashwa kila daftari linapofunguliwa. Tarehe nazo ziandikwe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwani 3/4 kwa mmoja ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi.

Kuhusu kuomba msaada nina neno moja zaidi, nalo ni zito. Usimpelekee mtu wa nje majina ya kweli ya wanachama. Orodha ya nani amo chamani ikimfikia mwajiri mwenye chuki, kibarua wa msimu huenda asiitwe tena msimu ujao. Sheria nazo zipo: Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Watu watatu wa kubuni wanatosha kwa swali lolote ambalo nimewahi kuuliza. Na kabla ya kujaribu ushauri wa mtu juu ya daftari halisi, lifanyie nakala na uiweke mbali na kompyuta ile.

Mtunza hazina alirudishiwa funguo mbele ya mkutano uleule uliomwondolea, nami nilisoma hesabu mpya na kueleza kosa langu nikisimama. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama zile stakabadhi mbili zimepata wenyewe. Moja imempata mwenyewe, mchumaji wa sehemu ya juu ya shamba. Ya pili ingali katika jedwali lake, na mwanachama yeyote aliyekatwa ada mwezi huo bila kupewa risiti anaombwa afike ofisi ya tawi na karatasi yake ya mshahara.